Kuku Hana Jasho

Mlandizi tulipakia saa nane usiku,
kumi na wawili kila tenga, matenga themanini,
kuku weupe wa wiki tano
wenye vifua vilivyowatangulia miguu.
Mama Chausiku alisimama na tochi:
"Wabananishe, mbona wanaenea."
Kuenea walienea.
Hata nguo huenea sandukuni ukiikalia juu.

Tulitakiwa Kisutu kabla ya jua.
Lakini mizani ya Kibaha ilikuwa na foleni yake,
kisha pancha Kiluvya, jeki ya kuazima,
na Kimara Korogwe, saa tatu asubuhi,
semitrela imelala ubavu
imemwaga saruji njia nzima.
Februari hiyo. Kaskazi imechoka,
haivumi, inahema tu.
Kando yetu njia ya mwendokasi, tupu, nyeupe,
kaupepo kote kanapita huko.

Gari likitembea, hewa hupenya matenga,
kuku husinzia kama abiria wa Mbeya.
Likisimama, kuku elfu kasoro arobaini
kila mmoja ni jiko dogo lenye manyoya,
na jiko haliwezi kumpisha jiko.

Bwana mifugo mmoja aliwahi kuniambia
kuku mzima ana joto la nyuzi arobaini na moja.
Mwanangu Zamoyoni alipofika hapo
nilikimbia naye Amana bila viatu.
Kuku huanzia hapo. Hapo ndipo kwenye afya yake.
Kilichobaki juu yake ni chembamba
kama ngozi ya ndani ya yai.

Mimi juu ya matenga natiririka,
fulana imenata, chumvi machoni.
Yeye hana jasho.
Alipewa mdomo tu,
na mbawa za kunyanyua, kwapa lipate hewa.
Mbawa hazikuwa na pa kunyanyukia.
Basi wakafungua midomo, wote,
koo zikipigapiga, ha, ha, ha,
kama watu wenye neno moja la kusema
na kila mmoja anamngoja mwenzake aanze.

Nikagonga bodi. "Kihamia, sogea, hata hatua!"
"Nisogee wapi, niruke?"

Nikanunua maji kwa kijana wa barabarani,
chupa sita, nauli yangu ya kurudi Buguruni.
Nikamwaga. Wa juu wakatulia.
Matenga ya kati yakaanza kufuka mvuke,
nikasikia harufu ya supu, wallahi,
kabla ya sufuria, kabla ya kisu.
Maji bila upepo ni moto mwingine.
Sikujua. Nilidhani nasaidia.

Ha, ha, ha. Halafu kule katikati
ha moja ikakosekana,
na nyingine.
Haikuzimika ghafla. Iliisha kama bando,
unashtuka tu huna kitu.

Kisutu tuliingia saa saba na nusu.
Mkomwa, karani, akatoa kalamu sikioni,
akaandika wafu mia na kumi na mmoja.
Niliwashusha kwa mikono yangu.
Walikuwa wa moto
kuliko mimi niliye hai.
"Vibudu hivyo, tupa."
Na Mama Chausiku kwenye simu:
"Hao watakatwa kwenye jasho lako."
Kwenye jasho langu!
Nikacheka, Mkomwa akanitazama
akadhani jua limenipanda.

Usiku umeme umekatika.
Bati linatema jua lililolimeza mchana.
Zamoyoni amelala chali, mdomo wazi.
Nikamtenga mikono na mbavu, taratibu,
huu, kisha huu,
nikakaa macho namsikiliza anavyopumua.

Kesho kutwa tunapakia tena.
Nitatia kumi na mmoja,
na katikati ya matenga nitaacha uchochoro
upana wa kiganja.
Watakaobaki bandani, Mama akiwauliza,
nitasema nilikosea hesabu.
Niliishia darasa la nne.
Ataamini.